Shajara ya Mradi: Kadhi wa Mansura na Mfalme Aliyetaka Joho la Ukhalifa

Februari, mwanzoni

Mradi umepata sura. Kwa muda mrefu nilikuwa na rundo la maelezo ya darasa kuhusu dini na siasa za dola katika nchi za Kiarabu, Moroko hadi Oman, na kila nikikaa kuyapanga yananikimbia: nchi nyingi, wafalme wengi, tarehe nyingi, uzi haupo. Sasa nimekata shauri. Utakuwa mfululizo wa darsa za sauti kwa Kiswahili, na kijitabu cha kufuatilia kwa wapendao kusoma, na vyote viwili vitamzunguka mtu mmoja na kitabu chake kimoja. Mtu huyo ni Sheikh Ali Abdel Raziq wa Misri. Kitabu ni *Al-Islam wa Usul al-Hukm*, Uislamu na Misingi ya Utawala, kilichochapishwa Cairo mwaka 1925.

Nimemchagua kwa sababu kesi yake imekusanya wahusika wote wa mchezo huu mahali pamoja: mfalme anayetaka joho la dini, maulamaa wanaolinda hadhi yao, vyama vinavyoviziana, Mwingereza aliyeshika mpini kwa nyuma, na kadhi mmoja mwenye kitabu chembamba. Tena wengi wetu huku pwani tumelisikia jina lake likitajwa kwa kulaaniwa tu, na wanaomlaani wengi hawajakifungua kitabu chenyewe.

Alizaliwa mwaka 1888 katika mkoa wa Minya, Misri ya Juu, kwenye ukoo wenye mashamba na wenye sauti katika siasa. Akasoma Azhar, chuo kikongwe cha dini cha Cairo, hadi akawa mwanazuoni mwenye shahada, akaenda Oxford, Vita Kuu ya Kwanza vikamrudisha nyumbani. Mwaka 1915 akateuliwa kadhi katika mahakama za sharia, na kitabu kilipotoka alikuwa kadhi wa Mansura. Katika dibaji anaeleza kuwa hakuanza kwa kuutafuta ukhalifa. Alianza kutafiti historia ya ukadhi, kwa kuwa ndiyo kazi aliyopewa. Ukadhi ni tawi la utawala, na utawala wa Kiislamu unasemwa kuwa umesimama juu ya ukhalifa, basi akajikuta anachimba mpaka kwenye mizizi. Darsa ya kwanza itaanzia hapo, kwa kadhi anayeuliza kiti anachokalia kilitoka wapi. Imeandikwa, bado kurekodiwa.

Februari, mwishoni

Darsa ya pili ni ya mazingira. Nilitaka kuipitia mbio, lakini bi anayenihariria sauti akanizuia. Akaniambia, "Kaka, mtu asiyejua mwaka 1924 kulikuwa na nini ataona huyu sheikh kakurupuka tu." Ana haki. Basi nimeipa nafasi.

Tarehe 3 Machi 1924, Bunge la Uturuki chini ya Mustafa Kemal liliufuta ukhalifa. Khalifa wa mwisho wa Kiothmani, Abdulmecid II, akapelekwa uhamishoni pamoja na jamaa zake. Kwa Waislamu wengi lilikuwa pigo kubwa, kwa maana hata khalifa aliyekuwa hana jeshi wala hazina bado alitajwa kwenye hotuba za Ijumaa. Hazikupita siku nyingi, Sharifu Hussein wa Makka akajitangaza khalifa. Hakudumu: kabla mwaka huo haujaisha, majeshi ya Ibn Saud, mtawala wa Najd, yalikuwa yamekwisha ingia Makka.

Kiti kikabaki kitupu, na macho yakageukia Cairo. Huko alikuwapo Mfalme Fuad, aliyekuwa sultani tangu 1917 na akapata jina la mfalme mwaka 1922, Uingereza ilipotangaza uhuru wa Misri huku ikibakiza askari wake na Mfereji wa Suez. Fuad hakusimama hadharani akasema anautaka ukhalifa. Hakuhitaji. Maulamaa wa Azhar walikwisha anza kuandaa mkutano mkuu wa kuujadili, na kila mtu Cairo alijua upepo unavuma kutoka kasri gani.

Hapo ndipo linapotoka kitabu la kadhi, linalosema ukhalifa si nguzo ya dini hata kidogo. Naandika "linapotoka kitabu la kadhi" makusudi, kwa mzaha, maana ukubwa wa kelele ulizidi mno ukubwa wa kitabu.

Machi

Nimo ndani ya sehemu ya kwanza ya kitabu. Mpangilio wake ni wa kikadhi hasa: sehemu tatu, kila sehemu ina milango mitatu. Kwanza ukhalifa na Uislamu, pili utawala na Uislamu, tatu ukhalifa na utawala katika historia. Mambo yanakwenda kwa hoja, hoja inakwenda kwa ushahidi, na kila ushahidi anauuliza maswali kama shahidi aliyesimama mbele yake mahakamani.

Hoja yake ya kwanza: wanaosema kumsimamisha khalifa ni wajibu, wameutoa wapi wajibu huo? Katika Qur'ani haumo. Aya ya 59 ya Suratu Nnisaa, ile ya kumtii Mwenyezi Mungu, na Mtume, na wenye mamlaka katika nyinyi, anasema inaamrisha utii kwa wenye mamlaka lakini haiamrishi kuwe na khalifa mmoja wa umma wote. Kwenye Hadithi anakuta maneno ya maimamu na bai'a, yaani kiapo cha utii kwa mtawala, naye anajibu kwamba kutajwa kwa jambo si kuamrishwa kwake. Inabaki ijmaa, makubaliano ya umma. Hapo kadhi anaacha fiqhi, anaingia kwenye historia, na kwangu mimi hapo ndipo kitabu kinapowaka moto.

Anauliza hayo makubaliano yalipatikana vipi. Kisha anakihadithia kisa cha bai'a ya Yazid. Khalifa Muawiya amekaa, anataka mwanawe Yazid amrithi, watu wamekusanyika, anasimama msemaji mmoja. Anasema: Amiri wa Waumini ni huyu, akimwonyesha Muawiya. Akifa, ni huyu, akimwonyesha Yazid. Na atakayekataa, basi ni hii, akiuonyesha upanga wake. Muawiya akamwambia aketi, kwani yeye ndiye bwana wa wasemaji.

Nilipomsomea bi mhariri, alicheka, kisha akanyamaza. Nimeamua kisa hiki kisomwe bila maelezo yoyote, kisindikizwe na kimya kidogo tu.

Kinachofuata ni cha ujasiri zaidi. Kutoka kwa Yazid kadhi anaruka karne kumi na mbili na ushei mpaka Iraki ya siku zake, ambako Waingereza walimtawaza Faisal mwaka 1921 na kusema kuwa wenye uzito katika nchi ndio waliomchagua, karibu wote kwa kauli moja. Anasema, kama hayo nayo yataitwa makubaliano, basi ni ya aina ile ile ya bai'a ya Yazid. Sasa mtazame anayesema: ni kadhi wa serikali katika nchi ya mfalme mwingine aliyekaa kwa idhini ya Uingereza hiyo hiyo. Fuad hatajwi. Hakuna msomaji wa Cairo aliyehitaji atajwe.

Anamalizia mlango huo kwa kusema ukhalifa ulikuwa nakama juu ya Uislamu na Waislamu na chemchemi ya shari na ufisadi. Maneno makali. Nimeyaacha kama yalivyo, ingawa naona angeyapunguza hoja isingepungua. Darsa ya tatu imerekodiwa, na sauti ya feni imesikika kidogo. Itabaki hivyo hivyo, joto la Machi Mombasa halina subira.

Aprili, mwanzoni

Sehemu ya pili imenichelewesha, na lazima ichelewe. Hapa Abdel Raziq anauliza swali ambalo wengi waliona hata kuliuliza ni kukosa adabu: Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa mfalme pia, au alikuwa mtume tu? Jawabu lake ni kwamba alikuwa mtume, mwito wake ni wa dini usiochanganyika na ufalme, na mamlaka aliyokuwa nayo juu ya waumini yalikuwa mamlaka ya utume, yanayoingia moyoni, si mamlaka ya dola inayoshika kiwiliwili. Anapanga aya moja baada ya nyingine, ikiwamo ile ya Suratul Ghaashiya, "kumbusha, hakika wewe ni mkumbushaji, wewe si mwenye kuwatawala kwa nguvu." Anaileta pia habari ya mtu aliyetetemeka mbele ya Mtume, naye akamtuliza akimwambia kuwa yeye si mfalme wala jabari, ni mwana wa mwanamke wa Kikureshi aliyekuwa akila nyama kavu Makka.

Maalim anayenipitishia Kiarabu hakuridhika. Tulikaa barazani baada ya Alasiri, kitabu kiko magotini mwake. "Mwanangu," akaniambia, "huyu kasoma ya Makka kwa macho mawili, ya Madina kwa jicho moja. Zaka alikusanya nani? Majeshi yalitumwa na nani? Sahaba Muadh alipelekwa Yemen kufanya nini?"

Nilimjibu kuwa mwandishi anayataja hayo, na anasema hatuoni ndani yake mpango wa dola unaojulikana: hakuna bajeti, hakuna ofisi za dola, hakuna ngazi za maafisa. Maalim akasema, "Bajeti! Hata hao wafalme wa zama hizo walikuwa na bajeti gani?" Hapo nikakosa la kuongeza, kwa sababu nami naona ndipo ukuta wa kitabu ulipo mwembamba. Ukipima Madina ya karne ya saba kwa kipimo cha wizara za 1925, utakosa kuona dola ambayo ipo. Hukumu yangu, na nitaisema kwenye darsa: katika historia ya wafalme Abdel Raziq ni mgumu kumshinda, katika Madina anaacha maswali mengi kuliko anayoyajibu. Maalim amekubali kuja kusema pingamizi lake mwenyewe kwa sauti yake. Nimefurahi. Darsa ya nne itakuwa ya watu wawili wasiokubaliana, na hatutatafuta suluhu ya kupaka mafuta mwishoni.

Aprili, mwishoni

Hukumu ya Azhar. Nimeigawa darsa ya tano kuwa mashtaka, utetezi, na adhabu.

Tarehe 12 Agosti 1925, Baraza la Maulamaa Wakuu lilikaa Cairo: Sheikh wa Azhar, Muhammad Abu al-Fadl al-Jizawi, pamoja na maulamaa 24. Walitumia sheria ya Azhar ya mwaka 1911, ambayo kifungu chake cha 101 kinaliruhusu baraza kumtoa katika kundi la maulamaa yeyote aliyefanya jambo lisilolingana na sifa ya uanachuoni. Mashtaka yalikuwa saba. Kwamba ameifanya sharia kuwa ya kiroho tupu isiyohusiana na utawala wa mambo ya dunia. Kwamba jihadi ya Mtume ameiona kuwa kwa ajili ya ufalme. Kwamba utawala wa zama za Mtume ameuita wenye utata na giza. Kwamba kazi ya Mtume ameifanya kufikisha tu, bila kuhukumu na kutekeleza. Kwamba amekana ijmaa ya masahaba juu ya wajibu wa kuwa na imamu. La sita limenigusa zaidi: kwamba amekana ukadhi kuwa kazi ya kisharia, yaani kadhi anashtakiwa kwa alichokisema kuhusu kiti chake mwenyewe. Na la saba, kwamba utawala wa Abubakar na makhalifa waongofu baada yake ameuita usio wa kidini.

Yeye alianza kwa kupinga uwezo wa baraza kumhukumu kwa jambo hilo. Pingamizi likatupwa. Akajibu mashtaka. Baraza likatoa hukumu kwa kauli moja: atolewe. Maana yake kwa sheria ile ilikuwa pana: jina lifutwe kwenye daftari za Azhar, mshahara ukatwe, asishike kazi yoyote ya umma, ya dini au isiyo ya dini.

Nataka msikilizaji akumbuke jambo moja hapa. Misri ilikuwa na katiba ya mwaka 1923. Kifungu cha 12 kilisema uhuru wa itikadi hauna mpaka, cha 14 kikalinda uhuru wa rai, na cha 149 kikasema dini ya dola ni Uislamu. Katika kesi hii vifungu vyote vitatu vilikuwa vinashindania mtu mmoja.

Mei

Siasa. Nimezishika hapa kwa sababu bila hizo hukumu ya Agosti inaonekana kama ugomvi wa wanazuoni peke yao.

Serikali ya wakati huo iliongozwa na Ahmad Ziwar Pasha, nayo ilikuwa ya mseto. Upande mmoja chama cha Ittihad, chama cha kasri, kilichoundwa mwanzoni mwa 1925 kumtumikia mfalme. Upande wa pili Wahuru wa Kikatiba, chama cha wenye mashamba na wasomi, na ndicho chama cha ukoo wa Abdel Raziq. Chama kikubwa kuliko vyote, Wafd cha Saad Zaghlul, kilikuwa nje, na bunge limevunjwa. Gazeti la Wahuru, *al-Siyasa*, chini ya Muhammad Husayn Haykal, likamtetea sheikh kwa jino na ukucha. Zaghlul, ambaye mtu angetegemea afurahie mfalme kukwama, hakukipenda kitabu na aliyakataa yaliyomo.

Kadhi wa serikali hafutwi kazi na Azhar, anafutwa na serikali. Basi hukumu ikapelekwa kwa Waziri wa Sheria, Abdel Aziz Fahmi, naye ni Mhuru wa Kikatiba. Badala ya kutia sahihi, akaipeleka kwa wanasheria waangalie kama kifungu cha 101 kinahusu rai ya mtu kabisa. Kasri halikungoja jawabu. Septemba mwanzoni waziri akaondolewa, mawaziri wenzake wa chama wakatoka, mseto ukavunjika, na mwezi huo huo kadhi wa Mansura akapoteza kiti. Baraza zima la mawaziri limepasuka kwa kitabu ambacho ungeweza kukitia mfukoni mwa kanzu.

Na ule mkutano wa ukhalifa? Ulifanyika Cairo, Mei 1926. Nchi nyingi hazikutuma mtu. Waliohudhuria wakaamua kuwa ukhalifa wa kisharia ni wajibu, ila kwa hali ilivyo hauwezi kusimamishwa sasa. Mwezi uliofuata Ibn Saud akaitisha mkutano wake Makka. Fuad akabaki mfalme wa Misri, basi.

Juni

Huu ndio moyo wa mradi. Nilianza kwa kufuatilia waliomjibu Abdel Raziq baadaye walikutana na nini. Sikutegemea nitakachokikuta.

Majibu yalikuwa mengi. Rashid Rida, mwenye jarida la *al-Manar*, ndiye aliyepiga kelele mapema na kwa ukali. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyepata kuwa Mufti wa Misri, akaandika kitabu kizima. Kutoka Tunisia akaandika Tahir ibn Ashur. Na Mtunisia mwingine aliyehamia Cairo, Muhammad al-Khidr Husayn, akaandika jibu lenye elimu nyingi na adabu, analinukuu neno la Abdel Raziq kisha analivunja. Jibu hilo amelitunuku kwa Mfalme Fuad. Nimelitazama sana tunuku lile. Sheikh huyu hakuwa mnafiki, aliamini kwa dhati kuwa dini isipokuwa na dola itakuwa yatima.

Sasa watazame. Baada ya mapinduzi ya 1952 Khidr Husayn akawa Sheikh wa Azhar. Januari 1954 akajiuzulu. Mwaka uliofuata serikali ya Nasser ikatoa sheria namba 462, na kuanzia tarehe 1 Januari 1956 mahakama za sharia za Misri zikafungwa, kesi zake zikahamia mahakama za kawaida. Mwaka 1961 ikaja sheria namba 103, Azhar ikapangwa upya kutoka juu hadi chini, na Sheikh wa Azhar akawa anateuliwa na Rais.

Ibn Ashur naye. Tunisia ilipopata uhuru mwaka 1956, Habib Bourguiba alifuta mahakama za sharia, akavunja wakfu, akatoa kanuni mpya ya ndoa na talaka iliyopiga marufuku mitala. Mwaka 1960 akawaomba wafanyakazi wasifunge Ramadhani, akidai nchi iko kwenye jihadi dhidi ya umaskini. Aliwataka maulamaa wampe kauli ya kumuunga mkono. Ibn Ashur hakumpa kauli aliyoitaka. Mwanachuoni aliyetetea mwaka 1925 kwamba dini na utawala ni kitu kimoja, miaka 35 baadaye akawa anamzuia mtawala kuingia kwenye saumu ya watu.

Na Abdel Raziq mwenyewe? Azhar hatimaye ilimrudishia hadhi. Ndugu yake Mustafa alikuwa Sheikh wa Azhar kuanzia 1945 hadi alipofariki 1947. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1940 yule aliyetaka dini iachane na serikali akawa Waziri wa Wakfu, yaani afisa mkuu wa serikali wa misikiti. Alifariki 1966, miaka mitano baada ya ile sheria ya Nasser.

Kwa hiyo ninachokisema katika mfululizo huu ni hiki: dola za Kiarabu za karne ya ishirini hazikumfuata Abdel Raziq wala hazikuwafuata wapinzani wake. Ziliiajiri dini. Zikaipa ofisi, mhuri na mshahara. Moroko iliandika katika katiba ya 1962 kuwa mfalme ni Amiri wa Waumini, na ile ya 2011 inamfanya mwenyekiti wa Baraza Kuu la Maulamaa. Saudia iliunda Baraza la Maulamaa Wakuu mwaka 1971, wajumbe wake wakiteuliwa na mfalme, na mwaka 1990 ni baraza hilo lililotoa fatwa ya kuruhusu majeshi ya kigeni kuilinda nchi dhidi ya Iraki. Hizi nimezipitia haraka, kila moja inastahili mfululizo wake.

Lakini mwajiriwa naye ana lake. Misri, tangu 2014, mada ya hotuba ya Ijumaa hutoka Wizara ya Wakfu. Mwaka 2016 wizara ikataka kwenda mbali zaidi: khatibu asimame na karatasi, asome neno kwa neno. Baraza la Maulamaa Wakuu la Azhar likakataa, likisema karatasi itamdumaza khatibu. Na Februari 2017, Rais Sisi alipotaka talaka ya mdomo isihesabiwe mpaka iandikishwe, baraza hilo hilo likajibu kuwa talaka ya mdomo iliyotimiza masharti inapita. Baraza lenye jina lile lile lililomtoa kadhi mwaka 1925 ili kumpendeza mfalme, sasa linamkatalia rais. Wasemao maulamaa wa serikali hufuata tu wanavyoambiwa, wazitazame kesi hizi mbili.

Julai

Kijitabu kinahitaji sura fupi ya pwani yetu, kwa sababu ugomvi huu ulifika huku. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alikuwa msomaji wa *al-Manar*, jarida la Rashid Rida. Mwaka 1930 akaanza kutoa *Sahifa*, na 1932 *al-Islah*, kwa Kiarabu na Kiswahili, akiwahimiza Waislamu wa pwani juu ya elimu na hali yao chini ya mkoloni. Mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, naye akaingia kwenye kiti kile kile alichokuwa akikiuliza Abdel Raziq: kadhi wa sharia anayelipwa na serikali, na kwake yeye serikali hiyo haikuwa hata ya Kiislamu.

Kilichonishangaza katika kuandika sura hii ni kwamba Misri, nchi ya Azhar, ilifunga mahakama za kadhi mwaka 1956, ilhali Kenya imezibakiza ndani ya katiba. Ahadi ya kuzilinda ilitiwa sahihi Oktoba 1963, pwani ya maili kumi ya Sultani wa Zanzibar ilipokabidhiwa Kenya, na kifungu cha 170 cha katiba ya 2010 kinazipa ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, pale pande zote ni Waislamu na zimeridhia. Zanzibar kuna kadhi, na tangu sheria ya 2001 kuna Mufti anayeteuliwa na Rais. Kuiajiri dini, basi, hakuhitaji dola ya Kiarabu.

Nilipeleka rasimu kwa wasikilizaji wachache wa majaribio. Mzee mmoja wa Unguja mwenye asili ya Oman alinipigia simu kuuliza kwa nini nimewasahau Maibadhi, Waislamu wa madhehebu ya Oman wanaomchagua imamu wao. "Mjukuu wangu, hao Wamisri wanabishana kama imamu anawezekana, na sisi wakati huo tunaye Nizwa, bara ya Oman." Ni kweli. Mkataba wa Sib wa 1920 uligawa mambo kati ya sultani wa Muscat na maimamu wa bara, na Imamu Muhammad bin Abdullah al-Khalili, aliyechaguliwa na wanazuoni na masheikh wa makabila mwaka huo huo, alikaa mpaka alipofariki 1954. Hilo limekuwa sanduku la pembeni katika kijitabu, ukurasa mzima, na mzee amekubali kulisoma kwa sauti.

Msikilizaji mwingine, kijana, aliuliza swali moja tu: "Ustadhi, kwa hiyo unataka dini isiingie siasani?" Nimeliweka swali lake mwanzoni mwa darsa ya mwisho. Jibu langu ni kwamba nataka kujua nani anamlipa anayeniambia dini inasema nini, na nani anaweza kumfukuza.

Agosti

Hali ilivyo: darsa ya kwanza hadi ya tano zimerekodiwa na kuhaririwa. Ya sita, ya siasa za mseto, inarekodiwa upya kwa sababu majina ya mapasha yamerundikana. Bi mhariri ameniambia nibakize Ziwar, Fahmi na Zaghlul, wengine waende kijitabuni. Ya saba, ile ya Juni, imevimba mno na itakatwa mbili: Misri peke yake, kisha Tunisia, Moroko na Saudia.

Maalim bado ana pingamizi kwenye darsa ya nne. Anataka kuongeza Muadh na Yemen kwa urefu. Nimempa dakika zake, na yeye ameahidi kutozidisha, ingawa tunajuana.

Kijitabu kinangoja ruhusa ya picha ya ukurasa wa kwanza wa chapa ya 1925. Ikikosekana, jalada litakuwa na maandishi matupu. Wiki ijayo napeleka sura ya Mombasa kwa mtu wa familia moja yenye magazeti ya zamani, aniangalizie tarehe kabla hatujachapa.